Mahojiano ya vijana yana mwangwi

Swali: Wanafunzi wa filamu halisi wanawahoji wazee wa mtaani kwao kwa simu. Picha safi, sauti ina mwangwi. Tufanyeje?

Jibu 1: Simu iko mbali na mdomo. Tumieni kipaza sauti cha kubana nguoni, kiganja kimoja chini ya kidevu, mkufu au mtandio usikiguse. Kuta tupu ndizo zinazorudisha sauti. Tundikeni blanketi nyuma ya kamera. Kisha rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba, mhariri atazitumia kuziba mapengo anapokata mazungumzo.

Jibu 2: Friji izimwe, inanguruma! Wekeni funguo zenu humo, hamtasahau kuiwasha.

Jibu 3: Maswali je? “Ulifurahi?” huzaa “ndiyo” tu. Bora “nieleze siku ile ilivyoanza”, halafu unyamaze. Na ridhaa irekodiwe kwanza. Kijana anayemjua mzee huiruka.

Muulizaji: Na jogoo akiwika?

Jibu 1: Akifunika jina au tarehe, ombeni sentensi irudiwe. Vinginevyo mwacheni.