MJADALA: Bingwa wa piano aje apige Tabora, au simu inatosha?

Mtoa hoja, Kanyenye
Wakuu, heshima kwenu. Kijiweni kuna mwenzetu ametoa kauli ambayo bado inanikera: tamasha la piano, la mtu mmoja kukaa jukwaani saa nzima na zaidi bila kuimba neno, ni mambo ya Ulaya na labda Dar. Mtu wa Tabora akitaka, ana simu, anunue bando asikilize. Akajikinga kwa jina la Glenn Gould, yule Mkanada aliyeacha kupiga mbele ya watu mwaka 1964 akiwa na miaka 31, akabaki na studio mpaka anafariki 1982.

Mimi naleta Sviatoslav Richter, mpiga piano wa Kisovieti. Huyu tangu 1960 alishautetemesha ukumbi maarufu wa Carnegie Hall, New York, hakuwa na shida ya jina. Lakini mwaka 1986, umri umeshapita 70, alishika njia ya Siberia na piano yake ya Yamaha, akapiga kwenye miji midogo ambayo mingine haikuwa hata na ukumbi wa muziki. Zinatajwa tamasha kama 150 kwa miezi sita. Uzeeni alikuwa anazimisha taa ukumbini, inabaki taa moja ndogo juu ya karatasi za noti, watu waache kukodolea vidole wasikilize muziki. Na kule Ufaransa, karibu na mji wa Tours, alianzisha tamasha ndani ya ghala la mazao la karne ya 13. Ghala, jamani! Sisi wenye maghala ya tumbaku tunasema hatuna ukumbi?

Hoja yangu: miji kama Tabora idai kutembelewa, na halmashauri ichangie. Karibuni.

Mpiga Kinanda wa Kwaya
Mwenzenu wa kijiweni ndiye mimi, hamna haja ya kunificha. Gould alirekodi Goldberg Variations, mfululizo wa vipande vya mtunzi Bach, mwaka 1955, akazirudia 1981, na mtu unaweza kuzilinganisha ukiwa umekaa chini ya mwembe wako. Mimi nimejifunza vidole vya mkono wa kushoto kwa kurudisha nyuma kipande kilekile mpaka mke wangu akahamia jikoni. Jukwaani nani atanirudishia? Halafu huyo Richter wako alikuwa chini ya dola ya Kisovieti, matamasha yaliendeshwa na serikali. Hapa nani atamlipia bingwa mafuta tu kutoka Dodoma?

Mama wa Isevya
Kaka zangu, mnagombania noti, mimi nimeshika kwenye "halmashauri ichangie". Ushuru ninaolipa sokoni naujua unapouma. Madawati kwanza. Bingwa akija kwa kiingilio, ruksa.

Mzee wa Ng'ambo
Wanangu, mnaongea kana kwamba piano na Tabora hawajuani. Karne ya 19 pembe za ndovu kutoka Ujiji na Manyema zilipita hapa Unyanyembe, mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wengi wakiwemo, mpaka Bagamoyo na kuvuka Unguja. Nyingi ziliishia jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton. Huko zilikatwa vipande vyembamba mno, vya kubandika juu ya vibao vyeupe vya piano. Babu zetu walibeba mzigo ule kwa miguu, miezi njiani, na wapo waliozikwa kando ya njia. Wazungu wakakaa kwenye kumbi zao wakapiga makofi. Sasa mjukuu wa mpagazi akitaka kusikia kilichotoka kwenye mzigo wa babu yake, anaambiwa anunue bando.

Mpiga Kinanda wa Kwaya
Shikamoo mzee. Historia nakubali yote. Ila hilo deni, kama ni deni, msimdai mpiga piano wa leo. Mdaini aliyeuza pembe, na wengine walikuwa na majumba hapahapa mjini kwetu.

Fundi Vinanda
Niingilie kidogo. Piano kubwa ya tamasha ina uzito unaokaribia kilo 500 na nyuzi zaidi ya 200, na zote kwa pamoja zinavuta kama tani 20. Kiangazi cha Tabora kinakausha mbao, Novemba mvua ikianza mbao inavimba, nyuzi zinapoteza sauti. Kwa hiyo akija aje nayo na aondoke nayo, kama Richter. Asije mfadhili akatuachia moja kama zawadi. Bila fundi wa kuihudumia itawekewa kitambaa na maua ya plastiki, chini mchwa wanaendelea na kazi. Na hayo maghala yenu ni ya bati: mvua ya Januari ikipiga, hasikiki mtu. Wekeni Julai.

Mtoa hoja, Kanyenye
Fundi, hiyo ya Julai naichukua. Na wewe mpiga kinanda, huyo Gould wako unamsimulia nusu. Alipofika Moscow Mei 1957 hakuna aliyemjua, kipindi cha kwanza viti vingi vitupu. Mapumziko yalipofika watu wakakimbilia simu kuwaita jamaa zao, kipindi cha pili ukumbi ukajaa. Walipiga simu ili wenzao waje. Hakuna aliyemwambia mwenzake "baki nyumbani, nitakusogezea mkonga usikilize".

Mpiga Kinanda wa Kwaya
Hapo umenichekesha, lakini hujanilipia lori.

Mama wa Isevya
Lori lilipwe na wenye maghala. Tumbaku tunawalimia kila msimu, nao wachangie kitu ambacho hakipimwi kwa kilo. Masharti yangu: wanafunzi bure, kwaya zetu zifungue, mkubwa elfu tano. Ushuru wa soko msiuguse. Mtoa hoja, futa neno "halmashauri" kwenye hoja yako ndiyo nikuunge mkono.

Mtoa hoja, Kanyenye
Silifuti, dada. Uwanja, polisi na umeme nani atatoa?