Poda ya protini ama mayai na ndengu?

Wasee, niko na kilo 62, napiga chuma jim ya hapa Umoja mwezi wa tatu sasa na kocha ananisukumia mkebe wa poda wa elfu sita, hiyo si ni kodi yangu ya nyumba jamani. Ninunue ama nikomae na chakula?

— Kocha ndio anauza? Yai moja lina kama gramu 6 za protini, manne ni 24, sawa tu na kijiko kimoja cha hiyo poda.

— Mimi poda ilinifurisha tumbo wiki nzima, mkebe sasa naweka sukari. Omena, ndengu, maziwa, kwisha.

— Poda si mbaya, ukitoka job saa tatu usiku hujapika inakuokoa. Lakini kwa kilo zako lenga kama gramu 100 za protini kwa siku, ugali sukuma pekee haikufikishi huko.

— Eeh, ni yeye anauza 😂 Kesho nabeba trei ya mayai.