Presha inashuka baada ya dayalisisi: je, mgonjwa amekaukiwa maji?

MleziKaribu:
Wakuu, naomba ushauri. Mgonjwa ana uzito mkavu (uzito wake bila maji ya ziada) wa kilo 60, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila kikao. Juzi aliingia na kilo 63.2, zikatolewa lita 3.2. Presha ilianza 150/85, ilipofika saa ya tatu ikawa 92/50 na misuli ya miguu ikakaza. Nyumbani akisimama anapata kizunguzungu. Nimwongezee maji ya kunywa?

NesiWaMashine:
Pole sana. Maji usimwongezee kwanza. Alipoingia mwili ulikuwa na maji mengi. Yaliyopungua ni ya ndani ya mishipa. Mashine inavuta kwenye damu tu, na yale yaliyotuama miguuni huchukua muda kurudi kwenye mishipa. Ikivuta haraka kuliko yanavyorudi, moyo unakosa cha kusukuma.

Piga hesabu: mililita 3,200 kwa saa 4 ni 800 kwa saa. Gawa kwa kilo 60, unapata mililita 13.3 kwa kila kilo kwa saa. Vituo vingi havipendi kuvuka 13. Kikao kikiwa cha saa 4 na nusu, inashuka hadi 11.9 hivi. Wagonjwa wengi huichukia hiyo nusu saa, ila iombeni kwa daktari.

Akianza kupiga miayo mfululizo, kutoka jasho au kusikia kichefuchefu, aseme hapo hapo. Nesi atasimamisha uvutaji, atamlaza, na ikibidi atampa salini (maji ya chumvi ya mshipani) kidogo.

Mizani:
Naongezea: huo uzito mkavu ulipangwa lini? Mgonjwa akirudisha hamu ya kula ananenepa, lakini mashine inaendelea kuhesabu ile nyama mpya kama maji. Kama hana uvimbe, anapumua vizuri akilala chali, na misuli inakaza kila mwisho wa kikao, huenda kilo 60 ni ndogo kwake sasa.

Mpime presha nyumbani kwa mkono usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine): alale dakika 5, pima, asimame ameshikiliwa, pima dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, andika mpeleke kwa daktari. Kizunguzungu kikizidi, mkalishe, acha kipimo.

Muulizeni daktari pia kuhusu dawa za presha za asubuhi ya kikao. Msizikatize wenyewe. Na asile mlo mzito akiwa kwenye mashine, damu hukimbilia tumboni.

MleziKaribu:
Asanteni. Na akiharisha?

NesiWaMashine:
Hapo ndipo anakaukiwa kweli. Pigeni simu kituoni siku hiyo hiyo, na kabla ya kikao mseme anaharisha, wasije wakamvuta kama kawaida. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti yana potasiamu; msimpe bila kuuliza. Gusa fistula asubuhi na jioni: presha ikishuka sana, damu inaweza kuganda humo. Usipousikia ule mtetemo chini ya vidole, nendeni hospitali muda huo huo. Vivyo hivyo akizirai, akichanganyikiwa au kifua kikiuma.

Mizani:
Kiu yake ianzieni kwenye chumvi. Gramu 8 hivi za chumvi hushikilia karibu lita nzima ya maji mwilini. Akiipunguza, ataingia kikao kijacho na kilo chache za kutolewa.