Gobi mkubwa wa maji ya chumvichumvi: nichague yupi kwa tangi la lita 300?

Kisauni_Tangi
Wakuu, salaam. Nina tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300 hivi likijaa. Filta ya nje inafanya kazi, na ndani kuna moli weusi wachache (samaki wadogo wa mapambo). Nataka kuongeza gobi mmoja mkubwa (samaki wa kukaa chini ya maji), wa maji kama yale ya mahali mto unapokutana na bahari. Nimebakiwa na watatu: gobi joka wa zambarau (Gobioides broussonnetii) ambaye muuzaji anaweza kuniagizia, gobi wetu wa mitoni, Glossogobius giuris, au wale wanaorukaruka kwenye matope ya mikoko, Periophthalmus. Muuzaji anasema joka ni mla samaki na anaishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, bila taabu. Ni kweli?

Zuhura_Houston
Kaka, yote mawili si kweli, na samaki wengi wa aina hii wanakufa kwa sababu ya maneno hayohayo. Ninaye mmoja huku, na porini wanapatikana upande huu wa Atlantiki, kuanzia kusini-mashariki mwa Marekani hadi Brazili, kwenye matope ya milango ya mito, ambako maji ni ya chumvichumvi. Anaweza kupita sentimita 50. Mdomo ni mpana na una meno ya kutisha, lakini kazi yake ni kukwangua mwani na kuchuja vijidudu vilivyomo matopeni. Macho yake ni madogo mno, haoni vizuri. Ukimwachia chakula kinachoelea juu, moli watakimaliza kabla hajajua kimewekwa.

Mimi humlisha jioni taa zikishazimwa. Nayeyusha atemia (vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) waliogandishwa kwenye kikombe cha maji ya tangi, nayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, halafu nayasukuma taratibu mbele ya shimo lake. Anatoa kichwa, anabugia chakula pamoja na mchanga, kisha mchanga unamtoka mashavuni kama unga kwenye chekeche. Ndiyo maana kokoto hazimfai. Mpe mchanga laini, kina cha sentimita 8 au zaidi, aweze kujizika. Siku nyingine mpe vidonge vya spirulina (aina ya mwani) vinavyozama. Mwangalie tumbo: likiingia ndani nyuma ya kichwa, hali chakula cha kutosha, hata kama unamwaga kingi.

Mrufiji
Dada Zuhura amesema vizuri, ila mimi ningechukua wa kwetu. Glossogobius huku delta ya Rufiji tunamkuta maji baridi na maji ya chumvichumvi pia, kwa hiyo mabadiliko ya chumvi hayamsumbui sana. Huyo ndiye mwindaji hasa. Anajizika mchangani, macho tu yanabaki nje, halafu anaruka ghafla. Taya la chini limechomoza mbele, na anakula samaki, kamba na wadudu. Vitabu vinampa hadi sentimita 50, ingawa wengi hawafiki hata nusu ya hapo. Vipande vya kamba mbichi anavizoea upesi, na huhitaji kumbembeleza gizani na bomba la sindano. Ukitaka samaki utakayemwona akifanya jambo mchana, ni huyu. Moli wako lakini wahamishe, maana hawatabaki.

Mama Nasra
Kuhusu wale wa mikoko nitasema machache. Wanapendeza sana, lakini si samaki wa tangi lililojaa maji. Wanapumua kwa ngozi pia, na muda mwingi wanataka kuwa nje, juu ya mchanga wenye unyevu au gogo. Tangi lako ungeliweka maji sentimita 10 au 15 tu, sehemu kubwa ikawa nchi kavu, na mfuniko ukabana ili hewa ya ndani ibaki na joto na unyevunyevu. Madume wanagombania mahali. Ni mradi mwingine kabisa, mwanangu. Na tafadhali usiende kuwatoa kwenye mikoko ya Mida, kule ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Kwingine uliza kwanza BMU ya hapo, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo.

Fundi_Maji
Yeyote utakayemchagua, maji ndiyo yatakayoamua. Lenga 1.005 kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, yaani gramu 7 hadi 9 za chumvi kwa lita. Maji ya bahari yana kama gramu 35, kwa hiyo ndoo moja ya bahari kwa ndoo tatu au nne za maji baridi yaliyotolewa klorini inakufikisha. Uko Mombasa, usinunue chumvi ya pakiti kama unaweza kupata maji safi. Chota maji yakijaa, mbali na mifereji na midomo ya mito, chuja kwa kitambaa. Chumvi ya mezani usiiguse: haina kalsiamu, magnesiamu wala kabonati za kutosha.

Pandisha chumvi kidogo kidogo, si zaidi ya 0.002 kwa wiki, bakteria wa kwenye filta wapate kuzoea, na pima amonia na nitraiti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki) wakati wote huo. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi matupu, kwa sababu chumvi haikauki nayo. Watu wakiongeza yenye chumvi, kipimo kinapanda bila wao kujua. Hita kwa joto la Pwani sidhani unahitaji. Pampu ya hewa ya betri, ndiyo, kwa ajili ya siku umeme ukikatika.

Kisauni_Tangi
Ahsanteni sana. Moli siwezi kuwatoa, ni wa binti yangu, kwa hiyo Glossogobius hapana. Mrufiji, samahani ndugu yangu. Naelekea kwa joka.

Mrufiji
Hakuna neno mkuu. Basi usilipe hadi umwone akila palepale dukani, na tumbo limejaa. Akija amekonda kwa safari, kumrudisha ni kazi ngumu.

Zuhura_Houston
Hilo la Mrufiji lishike sana. Na awe mmoja tu kwa tangi hilo.

Kisauni_Tangi
Bomba la PVC la kujifichia, niweke inchi ngapi?

Zuhura_Houston
Inchi 2 linamtosha, liwe refu kumpita yeye, ncha zote wazi. Kingo zipige msasa zisimkwaruze. Lilaze moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla hujamwaga mchanga, maana anachimba usiku kucha na kitu kilichokaa juu ya mchanga kitamwangukia. Mawe ya mapambo nayo vivyo hivyo.