Tupeane uzoefu: picha na vitu vya wazee tulivyovitia fremu

Mjukuu wa Makorora
Jana jioni niliteremsha picha ya babu ukutani ili tupake rangi sebule, nikaona kuwa upande wa kushoto wa uso wake umegandamana na kioo. Ni picha iliyopigwa hapa Tanga, babu akiwa amevaa kanzu na koti, na imekaa katika fremu ile ile tangu nikiwa mtoto. Nilipojaribu kuinyanyua pembeni, ngozi ya picha ilianza kubanduka na kubaki kwenye kioo, nikaacha papo hapo huku mikono ikinitetemeka. Nimeilaza mezani na sijaigusa tena. Naomba kila aliyewahi kutia fremu picha, kanga, barua au kitu chochote cha marehemu wake aeleze alivyofanya na yaliyompata, kwa sababu naamini wengi wetu tunapeleka vitu hivi kwa mafundi bila kujua la kuuliza.

Mkazi wa Kisauni
Pole sana. Ya marehemu baba iliganda hivyo hivyo, hapa Mombasa, baada ya masika moja tu.

Mama Salha
Itie kwenye beseni la maji safi yaliyo vuguvugu, uiache kwa saa moja, nayo itaachia yenyewe. Nilifanya hivyo kwa picha ya harusi ya dada yangu na ikatoka nzima.

Fundi Mninga
Nakuomba, mjukuu, usitie maji kabla ya kusoma haya. Uso wa picha za zamani ni tabaka jembamba la jelatini, na jelatini hunywa unyevu wa hewa, ikavimba na kunata. Picha ikiwa imebanwa moja kwa moja kwenye kioo, siku za mvua inalainika na siku za jua inakauka ikiwa imeshikana nacho, na mwaka baada ya mwaka inazidi kushika. Zipo picha za rangi nyeusi na nyeupe zinazostahimili maji, lakini zile zilizotiwa rangi kwa mkono studio huweza kupoteza rangi yake, na iliyokwisha kuingia ukungu inaweza kuyeyuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo kwanza iache ilivyo, na kioo chake. Ipige picha ikiwa humo humo, kamera ikiitazama sawasawa kutoka juu na mwanga ukitoka pande mbili kwa mshazari, ili kioo kisiakisi. Ukishapata nakala nzuri, tia fremu nakala, na picha yenyewe uihifadhi ikiwa imelala, mahali pakavu.

Na utakapotengeneza fremu nyingine, mwambie fundi akuwekee kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, ili picha na kioo visigusane. Nafasi ya milimita chache inatosha. Sisitiza iwe kadibodi isiyo na asidi, maana ile ya maboksi huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha. Asitumie gundi wala selotepu. Picha ishikwe kwa pembe za karatasi, ili siku ukitaka kuitoa itoke.

Mama Salha
Fundi, mimi sikubahatisha. Nimetoa picha tatu kwa maji, na zote ziko salama hadi leo. Si haki kuwatisha watu.

Fundi Mninga
Dada, sikukanusha kwamba zako zilitoka. Ninachosema ni kwamba ya nne ikiharibika hakuna wa kuirudisha, na babu wa huyu kijana ana picha moja.

Binti Pwani
Nilikuwa nasoma tu, lakini neno la kuwapelekea mafundi vitu bila kujua la kuuliza limenirudisha mahali ambapo sikupenda kurudi.

Mama alifariki akaacha kanga moja aliyoipenda kuliko zote, aliyopewa na mama yake siku alipotolewa nje baada ya kunizaa. Jina lake lilikuwa NANI KAMA MAMA. Tuliishi nayo sandukuni miaka minne, kisha nikaona ni vyema iwe ukutani, katika chumba ambacho wajukuu wake wanasomea. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa fremu mjini, nikamweleza ni ya nani, akanisikiliza kwa heshima, akaniambia nirudi Ijumaa.

Ijumaa nilikuta fremu imefungwa magazeti. Nilipoifungua, kwanza sikuelewa ninachokiona, kwa sababu maua ya mji, yaani ile sehemu ya katikati, yalikuwa yale yale lakini kanga haikuwa na mpaka. Pindo lote, pande zote nne, lilikuwa limekatwa. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, na yeye alikuwa na fremu ya futi nne kwa tatu iliyokwisha kutengenezwa, basi akapunguza kitambaa ili kiingie. Mkasi wake ulipita katikati ya maandishi, ukaacha nusu ya juu ya herufi, kiasi kwamba asiyeijua kanga hiyo asingeweza kusoma kilichoandikwa. Tena alikuwa ameigandisha kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao.

Nilimuuliza vipande viko wapi. Aligeuka, akaangalia chini ya meza, akanionyesha. Kimoja kilikuwa kimelowa mafuta ya taa, kwa kuwa kijana wake alikuwa akikifutia vioo. Hakuwa mtu mbaya, na nilipoanza kulia alikaa chini na kushika kichwa. Kwake kilikuwa kitambaa. Mimi nilikiokota kile kipande nikakibana kifuani hadi nyumbani, na gauni langu likanuka mafuta ya taa siku nzima.

Mkazi wa Kisauni
Inna lillahi. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mjukuu wa Makorora
Dada yangu, pole. Vipande vyote ulivipata? Kanga iko wapi sasa?

Mwalimu Mstaafu
Nampa pole binti yetu, lakini niseme lililo moyoni mwangu. Kanga haikutengenezwa ikae nyuma ya kioo. Mama zetu walizikunja vizuri, wakazifukiza udi, wakaziweka sandukuni, na siku ya shughuli mjukuu akajifunga ya bibi yake. Hiyo ndiyo hifadhi ninayoijua. Ukiitundika ukutani umeifanya pambo.

Shangazi wa Ngambo
Mwalimu, sandukuni panya waliingia wakala kisutu cha harusi yangu. Usiseme kwamba sanduku ndilo salama.

Mwalimu Mstaafu
Panya ni uzembe wa mwenye sanduku, bibi.

Shangazi wa Ngambo
Na kukatwa pindo ni uzembe wa fundi, lakini hukusema hivyo kwa fremu.

Mwenye Brashi
Tusiendelee kuumizana, wazee wangu. Nami nina langu kuhusu michoro. Nina mchoro wa Tingatinga wa siku nyingi, uliochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama alivyoanza mwenyewe Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilishauriwa kuufunika kwa kioo ili usishike vumbi, nikakubali, na baada ya joto la Machi rangi ikashikana na kioo penye mabawa ya ndege. Mchoro wa rangi ya mafuta hauhitaji kioo, unahitaji hewa na kitambaa laini kikavu. Kioo ni cha karatasi, picha na vitambaa.

Mama Salha
Hapo nakupinga. Nyumba yangu iko kando ya barabara ya vumbi, na bila kioo kila kitu kinageuka chekundu.

Fundi Mninga
Kioo kinaweza kuwekwa hata juu ya rangi ya mafuta, mradi kiinuliwe kwa vijiti vyembamba pembeni kisiuguse mchoro. Wote wawili mna haki.

Mjukuu wa Unguja, Maskati
Huku kwetu unyevu si tatizo, kwa kuwa kiyoyozi kinafanya kazi usiku na mchana. Kilichotudhuru ni jua. Bibi alikuja na picha moja ya studio kutoka Unguja, tukaitundika mkabala na dirisha kwa sababu ndipo wageni walipoiona vizuri, na baada ya miaka sita wino aliouandikia jina lake chini ulikuwa umepotea kabisa. Kipo kioo kinachozuia sehemu kubwa ya miali inayofifisha, lakini bado nawaomba mchague ukuta ambao jua haliufikii.

Mjukuu wa Makorora
Nimefanya kama fundi alivyoelekeza. Nimeipiga picha ya babu ikiwa kwenye kioo chake na kuituma kwa shangazi zangu. Shangazi mkubwa amenipigia simu na kuniambia kwamba koti lile babu aliliazima kwa jirani. Hatukuwahi kulijua hilo. Mama Salha, nashukuru, ila maji sitathubutu.

Mama Salha
Hapana neno, mwanangu. Picha ni yako.

Binti Pwani
Samahani kwa kuchelewa kuwajibu. Vipande nilivipata vyote vinne. Gundi haikutoka kwa urahisi, ilibidi plaiwudi ikwanguliwe kutoka nyuma kidogo kidogo, na sehemu mbili za mji zilibaki na madoa. Kile kipande chenye mafuta ya taa nilikifua kando, kwa maji baridi, baada ya kujaribu rangi yake kwenye ncha, maana nyekundu ya kanga hutoka. Mama mdogo alitandika shuka jeupe la pamba lililofuliwa mara kadhaa, akapanga kanga na pindo lake juu yake, akashona kwa sindano ya mkono, uzi mwembamba wa pamba, kwa wiki tatu. Shuka ndilo linalobeba uzito, kanga haivutwi na kitu. Fremu ilitengenezwa kwa vipimo vyake baada ya kushona, na badala ya kioo tulitia plastiki ngumu angavu kwa kuwa kioo cha ukubwa ule ni kizito mno.

Mwalimu, kabla haijafungwa binti yangu alijitanda nayo mara moja, tukampiga picha. Sasa iko ukumbini, mbali na dirisha. Maandishi yanasomeka, na ukisimama karibu utauona mshono ukipita katikati ya herufi zote.

Mwalimu Mstaafu
Nimesoma, binti yangu. Mpe mama mdogo salamu zangu.