Tanga hadi Lamu kwa bajeti ya kubana: nimepigwa tangu mpakani, tena kwa Kiswahili

Wakuu, nimerudi Tanga jana usiku na hasira bado zipo, mnivumilie.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Horohoro, Lunga Lunga, Mombasa, Malindi, Lamu. Siku tisa, laki sita za madafu, chakula cha mtaani, kulala gesti za bei ya chini. Tanga na Mombasa si pwani moja? Shangazi yake mama kaolewa Msambweni. Nikajiona naenda ugenini kwa jina tu.

Muhuri wa Kenya haujakauka, nimeshapigwa. Wale wabadilisha fedha wanakuzunguka kama nzi kwenye embe bovu. Kijana mmoja akanipa kiwango kizuri kuliko wenzake wote (hapo ndipo ningeshtuka), akahesabu chapuchapu, noti za 1000 kazikunja katikati, akafunga na mpira. Za juu zilikuwa mpya, zile zenye jengo la KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi. Katikati kachomeka tatu zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Mimi nitajuaje? Kumbe 1000 hizo Kenya ilizifuta, mwisho wake ulikuwa Septemba 30, 2019! Na kinachochanganya zaidi, 500, 200, 100 na 50 za zamani zenye sura hiyohiyo bado zinapokelewa.

Nilikuja kuambiwa na konda wa matatu ya kwenda Likoni, mbele ya abiria wote. Akaiinua noti dirishani, akacheka. "Hii ilikufa kitambo, ndugu yangu. Leta ingine." Nikatoa ya pili, nayo maiti. Ya tatu, vilevile. Jasho likanitoka, mama wa pembeni akaanza kunipa pole kama nimefiwa. Shilingi 3000 za Kenya, kama elfu sitini yetu, zimekwenda hivyo.

Na kabla hamjaja na "ungeuliza kwanza": hata kwetu BoT (Benki Kuu) iliondoa noti za zamani 2025. Nani kati yenu alimtahadharisha Mkenya?

Sasa nauli. Yule mama alitoa 300, mimi nikadaiwa 500. Kosa langu ni kusema "samahani kaka, naomba unishushe karibu na feri." Wenyewe Kiswahili chao kitamu tu, ila cha kwetu wanakinusa ukifungua mdomo, na bei inapanda hapohapo. Kuanzia Malindi nikawa nanyoosha hela kimya kama bubu, na nikawa nalipa sawa na wenzangu. Feri ya Likoni mtembea kwa miguu havuki kwa hela, ndiyo maana pale sikupigwa.

Halafu hili la viingilio. Kuna makumbusho moja, siitaji, ina bei tatu: raia, mkazi wa Afrika Mashariki, na mgeni. Nikatoa pasi yangu ya Afrika Mashariki kifua mbele. Dada wa dirishani: "Wewe unaishi Kenya?" Siishi. "Basi lipa ya mgeni." Nikamwonyesha maandishi kwenye pasi yenyewe, hata hakuangalia. Nikakubali yaishe, natoa noti (nzima safari hii), naambiwa taslimu hawapokei, lipa kwa simu. Laini ya Kenya sina. Kijana wa nje akanilipia kwa simu yake na kukata 200 ya "usumbufu". Jumuiya gani hii, wakuu?

Mahamri na mbaazi za nazi sina ugomvi nazo. Asubuhi zote tisa nilikula hizo, na mama mmoja muuzaji wa Mombasa ndiye aliyenirudishia chenji kamili bila kukumbushwa.

Mokowe, gati la bara unapopanda boti ya kwenda Lamu, ndiyo walinimaliza. Nimeshuka kwenye basi, mgongo umekufa, papasi akanyakua begi: boti ya abiria ya mwisho imeshaondoka, bosi, kodi spidiboti, 1500 tu. Nikakodi. Nimefika gatini Lamu, nafunga kamba za viatu, nageuka naona boti ya abiria inatia nanga imejaa watu, magunia na kuku. Papasi niliyemwachia 100 ya begi alibaki ng'ambo. Sikuwa hata na wa kumtukana.

Aliyevuka hivi karibuni aseme anabadilisha fedha wapi, na kama kuna aliyewahi kulipa ile bei ya "Afrika Mashariki" kwa pasi ya Tanzania. Zile noti tatu ninazo hapa mezani. Anayekusanya noti za zamani aje PM, simdai.