Reli ya kati: ilijengwa kwa ajili yetu au kwa ajili ya ziwa?

Behewa la Tatu: Wakuu, tujadili bila matusi. Reli ilianza Dar 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mjerumani hakumfikiria mtu wa Kilosa wala Manyoni. Alikuwa anaukimbilia mzigo wa Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Leo na reli mpya ya SGR macho yetu yako Mwanza na Kigoma. Si fikra zilezile? Halafu tuseme ukweli, Kigoma kuna nini zaidi ya migebuka?

Mwana Ujiji: Nimeisoma hoja yako, mkuu, mpaka kwenye migebuka. Hapo umenigusa. Dagaa unaokaanga huko kwenu unadhani wanavuliwa Msimbazi?

Kokoto: 😂😂 Tawi la Mwanza lakini ni la Mwingereza, 1928. Usimtwishe Mjerumani kila kitu.

Behewa la Tatu: Mwana Ujiji, jibu swali, acha dagaa.

Mwana Ujiji: Uliyeanza na samaki ni wewe. Huku ni mwisho wa reli kwenu, kwetu ndiko inakoanzia. Meli yenyewe ya Liemba babu zetu waliibeba vichwani toka Dar. Babu alinisimulia kwa mdomo wake.

Fundi Grisi: Vichwani? Na boila? Liemba ilijengwa Papenburg 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Kigoma kwa treni. Ilishushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen.

Mwana Ujiji: Kwa hiyo babu yangu mwongo?

Fundi Grisi: Babu yako msema kweli, wewe ndiye ulisinzia. Iliyobebwa na wapagazi ni Hedwig von Wissmann, ile ndogo iliyotangulia reli.

Kokoto: Ile kubwa si ilizamishwa na Waingereza?

Fundi Grisi: Wajerumani wenyewe, Julai 1916, wasiiache kwa adui. Mafundi wakaipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ndiyo iliyoiokoa, sisemi zaidi.

Kokoto: Ndiyo maana ya jina lako, kumbe.

Mama Port Bell: Nyie mnagombania masanduku. MV Umoja, meli ya Ziwa Victoria, ina reli tumboni: behewa linasukumwa toka gatini Mwanza hadi ndani ya meli, linashuka Port Bell, Uganda, na mzigo wake, hakuna kupakua. Bila ziwa, treni ya Mwanza ingemfikishia nini Mganda?

Behewa la Tatu: Afadhali mtu mmoja amerudi kwenye mada, ingawa mama, mimi niliuliza habari za mtu wa Manyoni, si Mganda. Migebuka nimeifuta, yaishe.

Mwana Ujiji: Migebuka nimekusamehe. Fundi bado hajamwomba radhi babu.

Fundi Grisi: Boila, kaka. Nionyeshe kichwa kilichobeba boila.